Jiwe Namba Kumi na Nne

Ha Letuka, Mokhotlong
Jumapili, 13 Julai 2025

Kaka yangu Khauta,

Nthofela, katibu wa kamati ya mbio, ametangaza leo asubuhi nje ya kanisa kwamba watu sitini na mmoja walimaliza Mbio za Ukuta jana, na kwamba mimi, dada yako, nilikuwa wa hamsini na saba. Nimeitanguliza habari hiyo mbele ya salamu kwa sababu utaisikia kwa wengine kabla barua hii haijakufikia, na wao wataitia chumvi. Wa hamsini na saba, basi. Nyuma yangu walikuwapo walimu watatu na mzee mmoja aliyekimbia na gambuti.

Sasa salamu. U hali gani huko Welkom? Kifua je? Mara ya mwisho uliniambia kwa simu kwamba kikohozi kimepungua, lakini ulikohoa mara nne katika mazungumzo ya dakika sita, na mimi kazi yangu ni kuhesabu mambo kama hayo. Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua kama kila majira ya baridi, ila sauti yake haijaguswa na maradhi yoyote. Asubuhi hii amemfokea jogoo wa jirani mpaka jogoo akanyamaza. Theluji ilianguka Jumanne usiku, ikafika kwenye vizingiti vya milango. Kondoo wetu wote wapo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe si la kusikilizwa ukiwa kwenye foleni ya kushuka mgodini. Chifu ameitisha baraza Jumamosi ya tarehe 9 Agosti, na ajenda ni mbili. Ya pili ni wewe. Anataka kukuthibitisha kuwa msimamizi wa ukuta, mkataba wako utakapokwisha Desemba ukarudi nyumbani. Alisema mbele yangu, nikiwa na kikombe mkononi, kwamba anamtaka mtu ambaye hajawahi kukosea hesabu. Ajenda ya kwanza ni mimi, na ushindi wangu wa mwaka 1997. Ya kwanza ikisemwa kama ilivyokuwa, ya pili huenda ikaharibika. Nimeweka hilo wazi mapema ili usome barua hii ukiwa umekaa, na peke yako.

Kanuni za mbio unazijua kuliko mimi. Niruhusu nizirudie hata hivyo, maana yote nitakayosema yanasimama juu yake. Kila mkimbiaji hupewa jiwe la mtoni, la ukubwa wa ngumi ya mtoto, lililogongwa namba yake kwa patasi. Hulibeba mkononi kutoka ghala la sufu hadi juu kwenye Mlango wa Upepo, hulipanga ukutani katika safu ya mwaka huo, kisha hushuka mikono mitupu. Mbele ya ghala anangojewa na mshika blanketi wake. Huyo humfumbua viganja, na akivikuta vitupu humtupia blanketi mabegani, na hapo ndipo nafasi yake inapohesabiwa, si kabla. Kule juu mlinzi wa ukuta hutia alama kila namba inayopita, na haruhusiwi kushuka mpaka hesabu itimie.

Mama ndiye aliyenisukuma nikimbie mwaka huu. Pasaka aliniambia, "Miaka ishirini na minane, kila Julai una kazi Maseru. Kazi gani hiyo inayoogopa baridi?" Nilicheka, nikajiandikisha. Nilikuwa na sababu nyingine, nitaifikia.

Kwa hiyo tangu Mei nimekuwa nikikimbia alfajiri kuzunguka mtaa wetu kule Maseru, na kila nilipokimbia nilikusikia wewe nyuma yangu. Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinipeleka malishoni na mbuzi, ukanifukuza kupanda kilima na fimbo yako ya kuchungia, ukipiga kelele, "Kimbia kama umeiba!" Viatu vyangu vilikuwa vyako vya zamani, umevijaza sufu mbele. Baba alikuwa amekufa mwaka mmoja tu nyuma, na wajomba walikuwa wameanza kuja na maneno ya kuniozesha nikifika miaka kumi na sita. Wewe hukubishana nao. Uliwakaribisha vizuri, ukawapa uji, kisha ukatoka kunifukuza na fimbo.

Mwaka 1994 nilipokimbia mara ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa wa mwisho kabisa. Wewe ndiye uliyenishikia blanketi. Wote walikuwa wameshaingia ghalani kula, chifu ameshafunga daftari, na uwanja mzima ulikuwa wewe na mbwa mmoja. Ulinifumbua viganja, ukanifunika, ukasema, "Wa mwisho ndiye anayepata blanketi lililopashwa moto muda mrefu kuliko yote." Nimepewa tuzo mbili za uandishi tangu hapo, moja ikakabidhiwa na waziri. Hakuna iliyonipasha moto namna ile.

Jana tulianza saa tatu kamili. Kipimajoto cha ghala kilisoma nyuzi tisa chini ya sifuri. Nilifika mapema, nimejifunga blanketi langu la ushindi, lile la kahawia lenye mistari ya bluu, na Nthofela akaniona kabla sijamsalimu. Yeye sasa ni mkuu wa wachambuzi wa sufu wilaya nzima. Akitia mkono kwenye robota anakwambia kondoo alilala wapi. Alinipigia kelele mbele ya watu, "Wee mtu wa Maseru! Mapafu umekuja nayo au umeyaacha ofisini?" Nikamjibu nimekuja na moja, lingine liko kwa fundi. Akasema, "Basi kimbia nusu, sisi tutakuandikia nusu."

Kisha akauliza nani ananishikia. Nikasema mama atateremka. Akanitazama kama mtu anayetazama sufu yenye mchanga, akasema magoti ya mama hayawezi kusimama barafuni kwa saa tatu, na akanivua blanketi kabla sijakubali. "Nitasimama mimi. Ila ukizidi muda nakwenda kula, utajifunika gunia." Akalikunja juu ya mkono wake, akalainisha ukingo kwa kidole gumba, polepole. Nililiona hilo, nikaliweka akilini.

Sitakuchosha na kila kona. Nitakwambia tu yale yaliyonifurahisha, kwa sababu yalikuwa mengi na nilikuwa nimeyasahau. Mlio wa theluji kavu chini ya jozi sitini za viatu zikipanda pamoja. Moshi wa samadi kavu kutoka vijiji vya ng'ambo, umesimama wima kama nguzo kwa kukosa upepo. Wanawake wa kivukoni bado wanatoa uji mchachu kwa kata moja inayozunguka, na bado wanakutukana usipomaliza. Mmoja alinitambua. Aliita wenzake, "Njooni mwone bingwa wetu! Ameshakuwa bibi, lakini magoti bado yake!" Nilikunywa kata mbili. Padri alinipita hapo, nikampita tena kwenye mteremko wa pili, akanipita, nikampita. Aliniambia kwamba katika mbio hizi anaomba dua moja tu, nami nisiulize ni ipi mpaka tufike chini. Ilikuwa ni kunishinda mimi.

Nilikuwa na mawe mawili. Moja lilikuwa mkononi, namba thelathini na tatu, la mwaka huu. La pili lilikuwa mfukoni.

Nilifika ukutani nikiwa wa ishirini na tisa. Usishangae. Mlinzi alikuwa Seabata, yule fundi wa saruji, amekaa kibandani na moto wake na orodha yake. Nikaweka jiwe langu la thelathini na tatu, akatia alama, nami badala ya kushuka nikaenda upande wa pili wa ukuta, kwenye safu ya 1997, nikapiga magoti. Nilikaa pale dakika kumi na moja. Nthofela ameziandika kwenye matokeo, kwa sababu Seabata alimpa taarifa. Watu ishirini na wanane walinipita nikiwa nimeinama. Seabata alinipigia kelele, "Dada, unasoma kaburi? Shuka, uji unapoa!" Baadaye akaacha kunishughulikia, akawa anaita namba ambazo hazijafika, "Hamsini na tano! Nane! Mko wapi nyie?" Nikamuuliza kwa nini ana wasiwasi, mbingu ni safi. Akasema mbingu safi au chafu, namba isipofika yeye hashuki. Mwaka juzi ilipungua moja, akaitafuta makorongoni mpaka saa tisa, akamkuta mwenye nayo amekaa juu ya jiwe analia, kifundo kimeteguka.

Nilishuka taratibu. Nthofela alikuwa bado amesimama mahali pale pale, blanketi mkononi, pua nyekundu. Nilikuwa nimetumia saa mbili na dakika arobaini na moja. Alinifumbua viganja, cha kulia, kisha cha kushoto. Vilikuwa vitupu. Akanifunika. Akasema, "Padri amekushinda," akaenda kula.

Sasa naifikia ile sababu nyingine.

Kaka, mwaka 1997 sikufika ukutani.

Utakumbuka ukungu wa siku ile. Nilikuwa naongoza wasichana wote. Baada ya Mwamba wa Nyani njia ilipotea, theluji ikaanza kupiga kutoka ubavuni, na nikakuta mbele yangu rundo refu la mawe. Nilidhani ni ukuta. Nilikuita kwa jina, maana mlinzi wa ukuta mwaka huo ulikuwa wewe. Hukujibu. Nikalizunguka, nikaona kwamba ni zizi la kambi ya wachungaji lililobomoka, na kwamba Mlango ulikuwa bado juu, labda mwendo wa dakika kumi na tano. Chini yangu nilisikia kikohozi cha Nthofela, msichana wa pili. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, vidole sivihisi, na nilijua mshindi wa wasichana anapewa nafasi ya shule ya bondeni na ada ya miaka mitano. Niligeuka nikashuka. Kwa dakika ile moja ya kwanza nilikuwa nimekosea njia. Baada ya hapo nilikuwa mwongo.

Jiwe langu, namba kumi na nne, nililichomeka nyuma ya kiuno, chini ya sweta, nikalikaza na kamba ya sketi. Mama ndiye aliyenishikia mwaka huo. Alinifumbua viganja, akavikuta vitupu, akanitupia blanketi, na blanketi likafunika jiwe. Baadaye marehemu chifu mzee akanivika hili la ushindi juu yake. Nilikunywa uji wa mshindi nikiwa nimesimama wima kama askari, nisije nikainama likaanguka.

Wewe ulishuka ukiwa wa mwisho. Chifu alisoma orodha kwa sauti, namba kwa namba, na kwa kila namba ulitikisa kichwa. Aliposoma kumi na nne alisita, kwa sababu alama yake ilikuwa imewekwa kwa wino tofauti, akakuuliza wewe mwenyewe. Ulisema, "Alipita." Neno moja, na kwa sauti ndogo mno. Kisha ukanijia, ukanitazama usoni, ukauliza, "Umekunywa uji?" Hicho ndicho ulichoniuliza siku ile, na miaka yote hii hujauliza kingine.

Nilijiambia kwamba ulidhani nilipita huku ukungu ukikuzuia kuona. Niliishi na maelezo hayo miaka ishirini na minane. Kazini nisingeyakubali kutoka kwa mtu yeyote.

Jiwe nililificha kwenye sanduku langu la mbao. Pasaka hii nililikuta jikoni, juu ya kifuniko cha ndoo ya uji, likizuia panya. Mama alisema alikuwa akitafuta nafasi ya nguo. Akaongeza kwamba jiwe hilo ni zuri na zito vya kutosha, lakini lina kwao, na kwao si hapa. Sikumuuliza anajua nini. Nimewahoji mawaziri na majambazi. Swali hilo lilinishinda.

Basi jana nililipeleka kwao. Mwaka 1997 tulikuwa wakimbiaji arobaini na watatu. Nilihesabu safu nikitarajia mawe arobaini na mawili na nafasi ya la kwangu mwishoni. Nilihesabu mara mbili, kwanza kwa macho, kisha kwa kidole. Yalikuwa arobaini na matatu. La mwisho lilikuwa na namba kumi na nne.

Halikugongwa kwa patasi. Mzee Tšokolo, ndiye aliyekuwa akigonga miaka ile, aliandika kwa nukta. Hili limekwanguliwa kwa ncha ya kisu, mistari mirefu, na ile nne yake haikufungwa juu. Mwalimu wetu alikuchapa mwaka mzima kwa ajili ya nne hiyo, na hukuifunga. Hapo nikakumbuka kwamba Jumatatu baada ya mbio ulipanda mlimani asubuhi, ukasema mbuzi amepotea. Mbuzi wote walikuwa zizini. Niliwatoa mimi.

Nililiweka jiwe langu kando ya lako. Lako sikulitoa, si haki yangu kulitoa. Yapo yote mawili, na yeyote mwenye miguu anaweza kupanda akayaona.

Jana alasiri Nthofela alikuja kumjulia mama hali, nikamwambia jikoni. Nilimweleza la kwangu tu. Jiwe lako sikulitaja. Aliendelea kutafuna ugali mpaka nikamaliza, kisha akasema alijua. Alikutana nami nikishuka chini kidogo tu ya Mwamba wa Nyani, mapema mno, na alipofika juu hakukuta jiwe la msichana hata moja katika safu. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Kaka yako alisema umepita. Na mimi siku zile, kaka yako angesema mbuzi anataga, ningekwenda kutafuta mayai." Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Shule haikumuuma, alisema Nthofela. Angetoroka muhula wa kwanza, kila mtu anakijua kichwa chake. "Lakini blanketi, Tlalane. Blanketi liliniuma miaka mitatu. Na leo umenisimamisha nalo saa tatu kasoro kwenye barafu kama mjakazi, blanketi langu mwenyewe!"

Nililivua nikampa. Hakupokea. Alisema blanketi la mshindi halitolewi jikoni. Alinyimwa mbele ya watu, atapewa mbele ya watu, tena na chifu. Akatoa kalamu akaandika ajenda ya kwanza hapo hapo juu ya magoti yake: kusahihisha matokeo ya wasichana, 1997. Chifu ameipitisha jana hiyo hiyo bila kuambiwa undani. Halafu Nthofela akaniuliza, "Na aliyekuwa ukutani?" Nikamwambia huyo nitamwandikia kwanza.

Akiwa mlangoni alisema jambo moja zaidi, na nafikiri hakujua analolisema. Alisema siku ile alikuwa wa kwanza kukuona ukishuka, saa nane mchana, wengine tumeshakula. Hukuja kwa njia. Ulitokea upande wa korongo la mashariki, theluji imekufika mapajani, na ulipomkaribia ulijaribu kumuuliza kitu lakini sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka kabisa. Akadhani una mafua, akakuonyesha kidole kulikokuwa na moto.

Usingizi ulichelewa kunijia, nikapanga ushahidi kama nilivyozoea. Kibanda cha mlinzi kina moto. Mtu akikaa humo baridi haimli kidole cha mguu. Wewe ulikwenda mgodini Agosti ile ukiwa na kidole kimoja pungufu, na ukamwambia mama kwamba farasi alikukanyaga. Mlinzi hashuki mpaka hesabu itimie. Yako ilipungua moja, na ile moja nilikuwa mimi.

Ulinitafuta. Ulizunguka makorongo yale kwa zaidi ya saa moja ukiniita mpaka sauti ikaisha, ukijua utakachokikuta kama utakikuta. Na mimi kwa muda huo wote nilikuwa mbele ya ghala, nimefunikwa mablanketi mawili, nakunywa uji. Ukaja, ukaniona, ukatia ile alama ya wino tofauti, chifu akakuuliza, ukasema nilipita.

Nimejaribu mara kadhaa kuandika sentensi inayofuata. Asante, Khauta. Shule niliyosoma, kazi ninayofanya, wajomba waliorudi kwao bila jibu, vyote vimetoka katika neno lile moja ulilolisema huna sauti. Sisemi neno lilikuwa la kweli. Nasema nilikula matunda yake miaka ishirini na minane na sikuwahi kumwambia aliyeupanda mti hata ahsante.

Nitakachofanya ni hiki. Tarehe 9 nitasimama barazani na kusema kwamba sikufika ukutani, kwamba nilificha jiwe, na kwamba mshindi alikuwa Nthofela. Hilo ni langu na halingoji ruhusa ya mtu. Wakiniuliza kuhusu mlinzi, nitajibu kwamba mlinzi ana mdomo wake. Sitasema uwongo kwa ajili yako, wala sitasema ukweli kwa niaba yako. Ukiona afadhali unyamaze, jiwe lako linajua kunyamaza kuliko sisi sote. Ukiona afadhali useme, na useme mwenyewe, basi huenda chifu akatafuta msimamizi mwingine, na huenda asitafute. Nthofela anadai kwamba mlinzi aliyekataa kushuka mpaka alipoitafuta namba yake kwenye theluji hajakosea hesabu. Hajui la kisu. Nami sijui angesemaje akijua.

Mama anasema uvae soksi mbili na uache kuvuta. Msalimie shemeji, wabusu watoto, mwambie mdogo kwamba shangazi yake ameshindwa na padri, atafurahi. Nimekufungia pakiti ya unga wa uji na jozi moja ya soksi za manyoya ya mbuzi aliyofuma mama; ya kushoto ameifuma fupi kidogo kwenye ncha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema yeye hupima miguu ya watoto wake.

Dada yako akupendaye,
Tlalane

Basi la kutoka Maseru litaondoka Ijumaa, tarehe 8 Agosti, saa moja asubuhi, na litafika Butha-Buthe, karibu na mpaka, kama saa nne. Nimemwomba dereva asiuze kiti cha nyuma yake kabla ya hapo, huenda ukavuka.